Mama Bahati, Wamemfuta Mjomba

Mama Bahati,

Shikamoo. Wewe uliitikia kila shikamoo uliyopewa maishani mwako, hata ya mlevi wa njiani, kwa hiyo na hii nitaichukulia kwamba imeitikiwa.

Nimekaa kibarazani kwenye nyumba ya walimu. Ni Jumamosi mchana, mwezi wa kumi na moja, na harufu ya mabibo ya korosho yaliyooza inaingia kutoka kila upande. Hukuipenda harufu hii. Ulikuwa unasema shule nzima inanuka kilabu cha pombe na bado tunataka watoto wakae macho. Nakuandikia kwa sababu nina mambo mawili. La kwanza ni habari za hao waheshimiwa wako, ambao uliwabembeleza miaka yote ukidhani kuna mtu ndani ya hizo suti. La pili ni kosa langu mwenyewe, na hilo sijaweza kumsimulia mtu yeyote kama ninavyotaka kulisimulia. Nitaanza na waheshimiwa, kwa kuwa kuwasema wao ni rahisi.

Tangu tulipokuzika kwenu Makote mwezi wa pili, mvua imekwisha, mikorosho imepuliziwa salfa, imechanua, imezaa, na sasa watu wote wako shambani wanaokota. Mahali pako ameletwa Mwalimu Mkuu mwanamume, mnene, mwenye fimbo ya mpera aliyoichonga vizuri mno. Nimeona watu wakichonga vinyago kwa haraka kuliko alivyoichonga ile fimbo. Anasimama palepale langoni ulipokuwa unasimama wewe, ila yeye hasalimii mtu. Anaangalia saa.

Nakumbuka siku yangu ya kwanza pale langoni. Nilikuwa nimetoka chuoni, mtoto wa Masasi mjini, najiona nimeletwa porini kuadhibiwa. Ukaniambia, "Mwajuma, simama hapa uwasalimie. Kwa majina." Nikacheka. Nikakuuliza tangu lini mwalimu anaanza kumwamkia mtoto. Ukasema, "Yeye atakupa shikamoo yake, wewe utampa marahaba yake. Halafu muulize jambo." Ikabidi nijifunze mbuzi wa nani amezaa, bibi wa nani anaumwa miguu, nani amelala bila kula. Mwezi wa kwanza nilidhani unanitania. Mwezi wa tatu niligundua kwamba darasani kwangu hakuna kelele tena, na sikujua zilikwisha siku gani.

Na kile kikao chako cha mjomba. Wageni wote waliokuja na makabrasha yao wakituambia habari za malezi walikuwa wanaita akina baba. Akina baba walikuja, wakasaini, wakapiga miayo, wakaenda zao. Wewe peke yako ulikaa ukafikiri kama mtu wa hapa. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anasaini, lakini neno ni la mjomba. Mjomba ndiye anayeulizwa mtoto akienda jando, ndiye anayeulizwa akiposwa, ndiye anayelaumiwa akiharibika. Wewe ukasema basi na shuleni aitwe yeye.

Mtoto akikosa, au akikosewa, mjomba anaitwa. Viti vitatu vya aina moja, ofisini kwa walimu, hakuna cha meza katikati. Mtoto anasema kwanza na hakatizwi. Halafu aliyekosa anataja kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Mwisho mjomba anaulizwa swali moja tu: wewe utafanya nini? Basi. Hakuna fimbo. Mwaka wa kwanza walisema Mama Bahati anawadekeza watoto wa watu kwa sababu wake amekwisha kumkuza na yuko Tandahimba anafanya kazi. Mwaka wa pili wajomba wakaanza kuja bila kuitwa, na baiskeli zao, kuuliza tu hali.

Lakini hukuridhika. Ulisema shule moja haitoshi. "Nikihamishwa kesho atakuja mwingine na fimbo yake, na hakuna karatasi itakayomzuia." Ulitaka iandikwe kwenye mwongozo wa halmashauri, madiwani waipitishe, iwe kwa shule zote. Ndipo nikakuona unafanya siasa, na ulifanya siasa kuliko wanasiasa. Hukwenda ofisini kwa diwani hata mmoja. Ulikwenda kwa dada zao. Jumamosi kama hii mtu angetukuta tumeketi kule Mkunya kwenye mkeka wa mama fulani, tunamenya muhogo wake, na wewe unamweleza jinsi mwanawe alivyopigwa mpaka akaacha shule, na kwamba kaka yake yuko Barazani na ana mdomo. Nilikuuliza mbona tunajisumbua hivi. Ukasema, "Diwani atamkatalia afisa, atamkatalia mkuu wa shule. Dada yake atamkatalia vipi, na hao watoto ni wake?"

Ni mmoja tu aliyekushinda, wa kata yetu. Unamjua. Yule aliyeita kazi yako mchezo wa akina mama. Mpwa wake, Salima, alikuwa darasa la pili ulipomwita mjomba huyo mara ya kwanza, kwa sababu mtoto alikuwa anakuja na njaa. Alimtuma katibu wake wa kata na bahasha. Ukairudisha bahasha na katibu wake, ukasema mjomba hatumi mwakilishi. Hakukusamehe kwa hilo mpaka ulipokufa. Ulipokufa akakusamehe haraka sana, maana alisimama mbele ya jeneza lako na miwani myeusi akasema kazi ya mama huyu haitakufa, yeye binafsi ataibeba. Nilikuwa nimemshika Bahati mkono. Nilimminya mtoto wa watu mpaka akageuka kuniangalia.

Kweli, ameibeba. Ngoja nikueleze alivyoibeba.

Mwezi wa sita walifanya semina ya siku nne ya kuandaa Mpango wa Tabia Chanya. Waliifanyia Masasi, hotelini, kwa sababu eti Newala kuna baridi mwezi huo. Watu wa Newala, wanaozungumzia watoto wa Newala wanaokwenda shule bila sweta kwenye ukungu ule, wamekwenda kuota joto Masasi. Nilikuwepo, niliitwa kama mwalimu wa mfano. Siku mbili za kwanza tulijadili rangi ya fulana. Sikutanii, Mama Bahati. Kulikuwa na kundi la bluu na kundi la kijani, na Mheshimiwa wetu alikuwa kiongozi wa kijani. Siku ya tatu ndipo rasimu yako ilipotolewa kwenye bahasha, ile uliyoiandika kwa mkono wako, ikapewa kijana mmoja afisa aiweke vizuri.

Kijana ana kompyuta nzuri na hana shida na mtu. Aliiweka vizuri. Kila ulipoandika "mjomba wa mtoto" aliandika "mzazi au mlezi". Nilimfuata wakati wa chai nikamuuliza. Akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, mjomba si lugha ya sera." Nikamweleza habari za ukoo wa mama, nikamweleza mpaka chai yangu ikapoa. Alitikisa kichwa, akasema hiyo ni hoja ya msingi sana, akachukua andazi. Hakuandika kitu. Kisha akaongeza kipengele chake mwenyewe, kwamba adhabu ya viboko itatumika pale njia nyingine zitakaposhindikana. Uliufunga mlango miaka yote ile, yeye akapasua dirisha kwa sentensi moja, na watu wakampigia makofi.

Uzinduzi wa majaribio ulifanyika shuleni kwetu kwa heshima yako. Watoto walisimama juani tangu asubuhi kumsubiri mgeni rasmi, wakiwa na fulana za kijani zinazofika magotini, zenye picha ya mtoto anayecheka ambaye hakuna anayemfahamu. Waliimba wimbo wa kumshukuru mgeni rasmi kwa kuwapenda. Wa darasa la kwanza wakaanza kuchoka na kusukumana. Mwalimu Mkuu akawachukua watano, akawapeleka nyuma ya bango kubwa lililoandikwa Tabia Chanya kwa Kila Mtoto, na hukohuko nyuma ya bango akawachapa. Tulisikia. Mgeni rasmi alisikia. Mheshimiwa alisikia, akapandisha sauti ya hotuba. Nilitamani ungekuwepo, halafu nikashukuru kwamba hupo.

Baada ya hapo mwongozo wao ukaanza kufanyiwa majaribio. Barua zikaenda kwa wazazi au walezi. Baba mmoja yuko Mtwara bandarini, mwingine ana mke mwingine Tandahimba, mwingine alipokea barua akadhani ni mchango. Hakuna aliyekuja. Ripoti ikaandikwa kwamba wazazi wa eneo hili hawana mwamko. Wajomba wale waliokuwa wanakuja kwa baiskeli, wakitoa jasho kupanda kutoka bondeni, leo wanaambiwa hawana mwamko na mtu ambaye hakuwaita.

Sasa nafikia kwangu.

Mwongozo ulikuwa unakwenda kupitishwa kwenye Baraza la Madiwani, Alhamisi ya juma lililopita. Nilipangiwa kusoma ushuhuda wa dakika tano. Walishaniandikia cha kusoma, maneno matupu yenye mihuri. Mimi nikaandika changu. Nilitaka mambo mawili tu: mjomba arudi, na kile kipengele cha viboko kitoke. Nilizunguka kwa dada za madiwani kama ulivyonifundisha. Nilimenya muhogo mpaka kidole kikaota sugu. Nilikuwa na ahadi, Mama Bahati. Si za wote, lakini za kutosha kuwafanya wabishane, na wewe ulikuwa unasema wakibishana tu tumepata.

Jumatatu ya juma hilo nilikuwa zamu langoni. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama pembeni yangu na fimbo yake. Watoto walikuwa wanachelewa mno, msimu wenyewe huu, na alianza kunisema mbele yao. Kwamba huu ndio uharibifu wa Mama Bahati. Kwamba mwanamke aliyeshindwa kuchapa alitengeneza dini ya kutochapa, na mimi ndiye muumini aliyebaki. Watoto wa darasa la sita wanasikiliza. Nilikuwa nimekaa na ule ushuhuda wangu tangu alfajiri, sijala, kichwa kinagonga. Hapo akatokea Salima, siku ya tatu mfululizo anachelewa, anatembea taratibu, mikono imetapakaa utomvu wa mabibo. Mwalimu Mkuu akasema, "Haya, mwamkie."

Nilimpokonya fimbo. Nataka ujue hivyo, kwamba sikupewa, niliichukua mwenyewe mkononi mwake. Nikamwambia Salima alete mkono. Nikampiga. Mara mbili kiganjani, ya tatu ikakosea ikampata kwenye kifundo cha mkono. Nilisikia raha, Mama Bahati. Naandika neno hilo kwa sababu ni kweli. Kwa muda mfupi tu, nilisikia raha.

Hakulia. Alirudisha mkono wake akaushika kwa mwingine, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, leo hujaniuliza."

Mwalimu Mkuu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Karibu kazini, Mwajuma." Nilimrudishia fimbo yake nikaenda chooni, nikalia nimeziba mdomo kwa khanga. Nimewadharau watu wengi mwaka huu, nimekuorodheshea hapo juu, na nilipokuwa nimesimama mle chooni na nzi nilijua kwamba nimejiunga nao. Tena wao angalau hawakuwahi kusema hawapigi.

Basi nikawa na jambo la kuamua, na ulijue lilivyokuwa. Kwa utaratibu wako, mtoto akikosewa na mwalimu kikao kinaitwa vilevile, na mjomba anaitwa. Mjomba wa Salima ni Mheshimiwa. Na Alhamisi ni Baraza. Nikimwita, nampa kisu mkononi siku moja kabla. Nisipomwita, naingia Barazani kutetea kikao cha mjomba huku nimekikimbia kikao cha mjomba. Mwalimu Mkuu alinishauri kama ndugu. Alisema, "Mtoto mwenyewe hakulia, unataka nini?" Jumanne nzima nilijiambia nitamwita baada ya Baraza, kwa faida ya programu. Maneno hayohayo, kwa faida ya programu. Nilijisikia nikiongea kama wao, nikaona aibu, nikachukua simu.

Alikuja Jumatano saa nne, na gari, akamwacha dereva na injini inaunguruma. Miaka yote uliyomwita hakuja. Mimi nilimwita mara moja akaja, kwa sababu alinusa kosa langu. Alitaka kukaa kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu. Nikamwita kama watoto wa huku wanavyomwita mjomba, "Njomba, chako ni hiki." Alikunja uso, akakaa.

Salima akasema kwanza. Alisema kwa sauti ndogo akiangalia miguu yake. Kwamba anaamka kukiwa na giza anakwenda kuokota korosho, kwa sababu wasipoziokota mapema wengine wanaziokota. Kwamba akimaliza ndipo anakuja shule. Nikamuuliza anaokota shamba la nani. Akasema, "La njomba." Hakumwangalia. Mheshimiwa akakohoa, akasema hizo ni kazi za nyumbani tu, mtoto lazima ajifunze kazi, tena huyu bado yuko darasa la tatu, shule haijapamba moto. Salima akasema, "La tano." Injini ikaendelea kuunguruma nje.

Halafu zamu yangu. Nimefundisha watoto wengi kusema maneno haya na sikuwahi kujua yana uzito gani. Nilisema, "Salima, nilikupiga. Sikukuuliza. Nilikuwa na hasira na mtu mwingine nikakuchapa wewe. Naomba unisamehe." Nilijiona mjinga. Nilijiona uchi. Alimtazama mjomba wake kwanza, kisha akanitazama. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu."

Nikamuuliza Mheshimiwa swali la mwisho, lile lako: wewe utafanya nini? Akaangalia saa yake. Akasema, "Nitalifanyia kazi." Akanyanyuka, akaenda zake. Hakumgusa mtoto hata kichwa.

Alilifanyia kazi kesho yake. Pale Barazani sikuitwa kusoma. Badala yangu alisimama yeye akawasimulia. Kwamba mwalimu wa mfano, mfuasi mkuu wa marehemu, amempiga mpwa wake kwa mkono wake. Wakaguna. Na kwamba kisha, waheshimiwa, mwalimu huyohuyo, mtu mzima, mwenye cheti, amekaa kwenye kiti mbele ya mtoto wa darasa la tano akamwomba radhi! Hapo walicheka. Walicheka mpaka wengine wakapiga meza. Walioniahidi walikuwa wanacheka pia, mmoja akifuta machozi. Habari ya shamba hakuitaja. Mwongozo ukapita kama ulivyo, na mzazi au mlezi wake, na viboko vyake, ukapigiwa makofi, wakaenda kula. Siku ya pili yake nikapewa barua ya onyo. Mimi ndiye mtu wa kwanza kuadhibiwa chini ya Mpango wa Tabia Chanya. Aliyeniletea barua alikuwa Mwalimu Mkuu, na fimbo kwapani.

Nilidhani nimekuzika mara ya pili. Sina namna nyingine ya kulisema.

Lakini Mheshimiwa ana ugonjwa mmoja, Mama Bahati, hawezi kuwa na kichekesho akanyamaza. Alikisimulia sokoni. Alikisimulia pale ghalani watu wanaposubiri korosho zao zipimwe, kata nzima iko pale msimu huu, foleni ndefu, hakuna cha kufanya ila kusikiliza. Alikisimulia msibani. Kila mahali, mwalimu kamwomba radhi mtoto, ha ha ha.

Jumanne hii nilikuwa langoni. Akaja mwanamume na baiskeli, mtu wa makamo, vumbi la magunia mabegani, akasimama. Tukasalimiana. Akauliza, "Eti ni hapa mwalimu alipomwomba radhi mtoto?" Nikajua amekuja kucheka. Nikamwambia ndiyo, ni hapa, na mwalimu mwenyewe ni mimi, unasemaje? Akaiegemeza baiskeli kwenye ua. Akasema yeye ni mjomba wa Somoe wa darasa la tatu. Akasema, "Nilimpiga mwezi wa saba. Alimwaga ndoo ya maji. Tangu siku ile ananipa shikamoo tu, haniongeleshi. Nataka kumwambia, lakini sijui mtu anaanzaje. Nimesikia wewe umewahi. Nimekuja unioneshe."

Unakumbuka maji yetu yanavyopandishwa kutoka bondeni, unajua ndoo moja ni nini hapa juu. Hakumpiga kwa ubaya. Na ametembea na jambo hilo tangu mwezi wa saba, bila mwongozo, bila fulana.

Nilipanga viti vitatu. Mwalimu Mkuu alituona akatoka ofisini, akasema anakwenda kukagua bustani. Hatuna bustani. Somoe alikaa na miguu yake haifiki chini. Mjomba wake akanitazama, nikamwambia anza na jina lake. Akaanza na jina lake.

Alhamisi wakaja wawili. Jana akaja mmoja na mpwa mwenyewe kampakia kwenye baiskeli, na shangazi mmoja ambaye alisema kwao hakuna mjomba aliyebaki, je, yeye anaruhusiwa? Nikamwambia anaruhusiwa. Wote wamelisikia kwa Mheshimiwa. Ulizunguka miaka mingi kutafuta mtu wa kukutangazia kata nzima, na mtu mwenyewe alikuwa yeye, tena kwa gari lake na mafuta yake. Cheka, Mama Bahati. Mimi nimecheka mpaka nikaona haya.

Nakuahidi hivi. Kikao kijacho cha Baraza ni cha wazi kama vyote, raia anaruhusiwa kukaa viti vya nyuma asikilize, ila hakuna anayekwenda kwa kuwa wanachosha. Nitakwenda. Sitaomba kusoma kitu. Nitakwenda na wajomba hawa, kila atakayekubali, na wataketi nyuma kimya na kofia zao magotini. Tuone nani atacheka mbele ya wapigakura wake. Tukirudishwa tutakwenda kinachofuata. Na mimi mkono huu nikiunyanyua tena kwa mtoto, nitaita kikao kabla siku haijaisha, hata mjomba wake awe nani.

Salima anafika mapema siku hizi. Mama yake amekataa asiokote asubuhi, na Mheshimiwa ametuma watu kulalamika kwamba korosho zake zinaibwa. Kila asubuhi namuuliza Salima ameamkaje na mkono unaendeleaje. Ananijibu kwa adabu, anapita. Bado hajasema kama amenisamehe, na mimi sitamharakisha.

Pumzika, Mama Bahati. Jumatatu ni zamu yangu langoni.

Mwanao wa Masasi,
Mwajuma